Kompyuta ya Nyumbani Inapozeeka: Okoa Yaliyomo Kwanza, Duka Baadaye

Utangulizi

Kompyuta mpakato ya nyumbani huzeeka polepole, na ndiyo maana wenye nyumba huchelewa kutambua. Leo inachukua dakika tano kuwaka. Baada ya miezi michache inazimika papo hapo umeme ukikatika. Kisha bawaba ya kioo inalegea, na kioo kinaegemezwa kwa kitabu. Tunaizoea hivyo hivyo. Siku inapogoma kabisa ndipo tunapokumbuka kwamba ndani yake kuna tasnifu ya frateri aliyebakiza sura moja, hesabu za jumuiya za miaka minne, nota za kwaya zilizochapwa na mwalimu aliyekwisha kuhamia mbali, na picha za babu ambaye hatuko naye tena.

Somo hili limesimama juu ya jambo moja: kompyuta inanunulika, yaliyomo hayanunuliki. Kwa hiyo utaratibu wa kubadili kompyuta unaanza na kuokoa yaliyomo. Baada ya hapo tunapima ugonjwa wa mashine, tunaamua kama ni ya kutengenezwa au kubadilishwa, tunanunua, tunaiandaa mpya, na mwisho tunaiaga ya zamani kwa usalama. Wengi wetu huanzia dukani. Sisi tutaanzia kwenye diski.

1. Kuokoa yaliyomo

Kompyuta ikiwa nzito, ushauri wa kwanza mtaani huwa huu: “Peleka kwa fundi akupigie Windows.” Ushauri huo unaweza kuwa mzuri, lakini ni lazima tujue maana yake. Kupiga Windows ni kufuta mfumo uliopo na kuweka mwingine. Mara nyingi kila kilichokuwa kwenye sehemu ile ya diski hufutika pamoja nao. Fundi anaweza kuuliza, “Kuna kitu cha muhimu humu?” nawe ukajibu haraka haraka, “Hapana, vitu vya kawaida tu.” Vitu vya kawaida ndivyo hivyo tulivyovitaja hapo juu. Basi usimkabidhi fundi kompyuta ambayo nakala ya mafaili yake huna mkononi.

*Mafaili hukaa wapi?* Watu wengi hunakili folda ya Documents wakadhani wamemaliza. Pitia pia Desktop, Downloads, Pictures, Music na Videos. Angalia kama diski imegawanywa, yaani kama kuna D: pamoja na C:. Kisha kumbuka vile ambavyo havionekani kama mafaili: nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, anwani za tovuti ulizoziwekea alama, na barua pepe zilizopakuliwa ndani ya kompyuta.

Kwa wasomaji wetu kuna mambo matatu ya pekee.

La kwanza ni fonti. Mwanafunzi wa teolojia anayenukuu Kigiriki au Kiebrania kwa fonti za zamani atakuta kwenye mashine mpya maneno yamegeuka kuwa alama zisizosomeka. Maandishi hayajapotea, fonti ndiyo haipo. Nakili fonti zako kutoka folda ya Fonts iliyo ndani ya folda ya Windows, na pia hifadhi kila sura ya tasnifu katika muundo wa PDF. PDF hubeba fonti ndani yake, kwa hiyo utakuwa na ushahidi wa jinsi ukurasa ulivyokuwa.

La pili ni orodha ya vitabu vya rejea. Anayetumia Zotero ajue kwamba rejea zake hazimo ndani ya faili la tasnifu peke yake. Zina folda yake iitwayo Zotero chini ya jina la mtumiaji. Funga programu hiyo kwanza, kisha nakili folda yote.

La tatu ni nota za nyimbo. Watunzi wengi wa kwaya wamechapa nyimbo zao kwa programu ya Finale. Kampuni iliyoitengeneza, MakeMusic, ilitangaza mwezi Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena. Faili la Finale kwa kawaida halifunguki vizuri pasipo Finale yenyewe. Kabla ya kuiacha mashine ya zamani, fungua kila wimbo, utoe nakala ya PDF kwa ajili ya kusoma na nakala ya MusicXML kwa ajili ya kuhariri. MusicXML husomwa na programu nyingine, ikiwemo MuseScore ambayo ni ya bure. Kazi hiyo inachosha kama nyimbo ni mia mbili, lakini gawana na wanakwaya wawili na itaisha Jumamosi moja.

*Nakala ngapi?* Kanuni inayotumiwa na wengi ni tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida hiyo ina maana ya faili lililo ndani ya kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nakala kwenye wingu au kwa ndugu anayeaminika. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, nayo OneDrive ya Microsoft GB 5. Picha na video hujaza nafasi hiyo upesi, lakini tasnifu, hesabu na nota za nyimbo huenea humo bila shida.

Jihadhari na flashi za bei ya ajabu. Zipo zinazoandikwa TB 1 au TB 2 huku ndani zikiwa na nafasi ndogo sana. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha yaliyozidi hayafunguki. Kwa hiyo usihesabu nakala kuwa nakala mpaka umechomeka kile chombo kwenye kompyuta *nyingine* na kufungua mafaili kadhaa, yakiwemo ya mwisho kunakiliwa.

*Ikiwa kompyuta haiwaki kabisa*, usikate tamaa. Mara nyingi kilichokufa ni chaji, ubao mkuu au kioo, na diski ni nzima. Fundi anaweza kuitoa, akaiweka kwenye kasha la USB, na ikasomeka kwenye mashine nyingine kama diski ya nje. Lakini kama diski inagonga au kukwaruza, izime mara moja na usiendelee kujaribu. Kila jaribio linaweza kuharibu zaidi. Hapo mtafute fundi wa kuokoa data, mwambie kwamba unataka mafaili kwanza, na matengenezo mengine yangoje.

Neno moja kuhusu siri za watu. Kompyuta ya katibu wa jumuiya au wa parokia huwa na majina, namba za simu, michango, na wakati mwingine habari za ndoa na watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Nakala za mafaili hayo zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp eti kwa ajili ya kuzihifadhi. Ziwekwe kwenye chombo kilichofungwa kwa nywila, na wajulikane watu wawili wenye ruhusa ya kuzifungua.

2. Kupima ugonjwa

Baada ya kuokoa yaliyomo, mnaweza kuangalia mashine kwa utulivu. Uzito wa kompyuta hutokana na mambo machache.

Fikiria ofisi yenye kabati na meza. Diski ni kabati, mahali vitu vyote vinapotunzwa hata ukizima umeme. RAM ni meza, mahali unapoweka yale unayoyafanyia kazi sasa. Meza ikiwa ndogo, utakuwa unasimama kila mara kurudisha faili moja kabatini ili upate nafasi ya jingine. Na kama kabati lenyewe ni gumu kufunguka, kila safari ni mateso.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta. Subiri dakika mbili ukiwa hujafungua kitu kingine, kisha tazama. Ikiwa diski imeganda kwenye asilimia 100 wakati hufanyi lolote, kabati ndilo tatizo. Ikiwa RAM imejaa zaidi ya asilimia 85, meza ni ndogo.

Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, yaani sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku sindano ikitafuta data. Ukiitoa na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano inaweza kuwaka chini ya dakika moja. Hakuna tengenezo jingine la bei nafuu linaloleta tofauti kubwa kama hilo. Kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8 nako kunasaidia, ila ulizia kwanza: kwenye baadhi ya mashine nyembamba RAM imelehemewa kwenye ubao na haiongezeki.

Kwa betri, fungua dirisha la amri kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, andika *cmd*, kisha andika *powercfg /batteryreport*. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Linganisha namba mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao (Design Capacity) na uwezo wake wa sasa ikijaa (Full Charge Capacity). Kama iliundwa na 48,000 na sasa inajaa 19,000, imebaki na asilimia 40. Betri inabadilika na si sababu ya kununua kompyuta nyingine. Lakini betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kuzuia kioo kufunga, ni hatari ya moto. Zima kompyuta, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Joto kali na kelele ya feni mara nyingi ni vumbi. Fundi akifungua, akasafisha na kubadili dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa, mashine hupumua tena. Bawaba, kibodi na chaji vyote hupatikana madukani.

Ugonjwa mzito ni ubao mkuu. Ukifa, gharama ya kuutengeneza mara nyingi hukaribia bei ya mashine iliyotumika iliyo nzima. Busara ya kawaida ni hii: omba fundi akupe jumla ya matengenezo *yote* kabla hajaanza. Ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyo bora kuliko hiyo, badilisha. Tatizo la familia nyingi ni kulipa kidogo kidogo, mara chaji, mara kibodi, mara kioo, mpaka wamelipa bei ya kompyuta nzima na bado wana kompyuta mbovu.

3. Kuzeeka kusikoonekana: mfumo uliokwisha muda wake

Kuna kompyuta ambayo ni nzima kabisa kwa macho lakini imezeeka kwa namna nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutumika Julai 2015. Mashine haikuzimika siku ile. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kila mwezi hugunduliwa mianya ambayo wahalifu wanaweza kuingilia. Zamani mwianya ulizibwa kwa sasisho, sasa unabaki wazi. Mtu anayeandika tu bila intaneti haguswi sana. Anayefungua barua pepe, anayelipa kwa benki mtandaoni, au anayepokea flashi kutoka kila kona ya parokia anaguswa sana.

Mwenye Windows 10 ana njia nne.

*Njia ya kwanza: kuhamia Windows 11 kwenye mashine ile ile.* Haihitaji malipo, lakini mashine iwe na RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Programu yao iitwayo PC Health Check hupima na kutoa jibu. Kwa prosesa za Intel Core, jifunze kusoma namba: katika i5-6300U, tarakimu ya 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita, nacho kwa kawaida hakikubaliwi. Katika i5-8250U ni kizazi cha nane, kinakubaliwa. Katika i5-10210U ni kizazi cha kumi. Wakati mwingine TPM ipo lakini imezimwa kwenye mipangilio ya ndani, na fundi huiwasha kwa muda mfupi. Zipo pia mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubaliwa, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta.

*Njia ya pili: kuongeza muda.* Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kutoa viraka vya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ni daraja la kuvukia, hasa kwa anayekusanya fedha taratibu.

*Njia ya tatu: kubadili mfumo na kubaki na mashine.* Linux Mint ni mfumo wa bure, halali, unaokwenda vizuri kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4. Umejengwa juu ya mfumo mwingine uitwao Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu *utu*. Unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, ukaona kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Huja na LibreOffice, inayofungua na kuandika mafaili ya Word na Excel. Mipaka yake tuiseme wazi: programu zilizotengenezwa kwa Windows pekee, kama baadhi ya programu za hesabu, haziwezi kutegemewa humo, na waraka wenye majedwali na tanbihi nyingi unaweza kubadilika mpangilio. Kwa hiyo frateri anayekaribia kuwasilisha tasnifu asibadili mfumo katika mwezi wa mwisho. Amalize kwanza.

*Njia ya nne: kubadilisha mashine.* Hii tunaipa sehemu yake.

Kuna njia ya tano inayotolewa mtaani, ya Windows iliyovunjwa ufunguo. Programu za kuvunjia ufunguo humtaka mtumiaji azime kingavirusi kwanza. Jiulize kwa nini. Ni kawaida kwa programu hizo kubeba virusi, na hapo umempa mgeni usiyemjua ufunguo wa nyumba.

4. Kununua

Kabla ya kwenda Kariakoo, Luthuli Avenue au duka la mjini kwenu, andika kwenye karatasi kazi za kompyuta hiyo. Kuandika, hesabu, barua pepe, masomo ya video na nota za kwaya havihitaji mashine ya gharama kubwa. Kiwango cha kutosha kwa kazi hizo kwa miaka kadhaa ni RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au ya AMD iliyomo kwenye orodha ya Windows 11.

Mpya au iliyotumika? Mashine mpya ya bei ya chini kabisa, yenye GB 4 za RAM na hifadhi ya GB 64, hung’aa kwenye kabati la kioo lakini hujaa baada ya masasisho machache. Kwa fedha hiyo hiyo, mashine iliyotumika ya daraja la ofisi, kama Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, mara nyingi ni imara zaidi, hufunguka kwa urahisi, na vipuri vyake vinajulikana na mafundi wetu. Sharti ni moja: ipime kabla ya kulipa.

Ukiwa dukani, usione haya kukaa nusu saa. Fanya haya:

- Izime kabisa, uiwashe tena mwenyewe. Isiombe nywila usiyopewa kabla Windows haijafunguka.
- Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Mashine nyingi zilizotumika hutoka Ulaya: za Ufaransa huanza na AZERTY, za Ujerumani zina Z mahali pa Y. Stika juu ya vitufe zinaficha hali halisi.
- Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, jaribu kamera, sauti, maikrofoni na Wi-Fi.
- Weka kioo kwenye rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute madoa na mistari.
- Funga na kufungua kioo mara kadhaa, usikilize bawaba.
- Toa ripoti ya betri kama tulivyojifunza.
- Hakikisha Windows imewezeshwa kihalali, na soma mwenyewe RAM, diski na prosesa ndani ya mfumo. Usitegemee kibandiko cha nje.
- Unganisha intaneti ya simu yako. Mashine iliyokuwa ya kampuni inaweza kuwa bado imefungwa kwa kampuni hiyo. Ikionyesha jina la taasisi na kutaka barua pepe ya kazi, iache. Kifungo hicho huweza kurudi kila utakapoweka mfumo upya.

Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana ulioandikwa. Dhamana ya mdomo huisha ukivuka kizingiti cha duka.

5. Kuiandaa mpya

Usihamishe mafaili siku ya kwanza. Fuata mpangilio huu.

*Masasisho kwanza.* Mashine mpya, au iliyowekwa mfumo upya, inaweza kutaka gigabaiti kadhaa za masasisho. Kwa anayetumia bando la simu hilo ni pigo. Tafuta mtandao wa Wi-Fi usio na kikomo kwa kazi hiyo ya kwanza. Baadaye, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, washa chaguo la “metered connection” kwa simu yako, ili kompyuta isimalize bando kwa kupakua mambo yake kimyakimya.

*Akaunti mbili.* Fungua akaunti moja ya msimamizi, ya kusakinishia programu tu, na akaunti ya kawaida kwa kila mtumiaji. Mtoto akibonyeza kitu kibaya ndani ya akaunti ya kawaida, mfumo utaomba nywila ya msimamizi kabla ya kuendelea. Kuuliza huko kumezuia madhara mengi. Na kijana akiwa na akaunti yake, hawezi kufuta hesabu za mama za VICOBA kwa bahati mbaya.

*Nywila na funguo.* Windows 11 ya nyumbani hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza. Tumia barua pepe ambayo utakuwa nayo miaka mitano ijayo, na namba ya simu iliyo hai. Mashine nyingi hapo hufunga diski yake kwa usimbaji zenyewe. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi, lakini siku moja, baada ya tengenezo, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yako yamefungwa hata kwako wewe. Ufunguo huo hutunzwa ndani ya akaunti ya Microsoft. Ingia leo, uutafute, uuandike kwenye daftari pamoja na nywila kuu, na daftari likae mahali panapofungwa. Mtu wa pili katika nyumba ajue lilipo. Familia nyingi zimekosa picha na hati za marehemu kwa sababu nywila alikuwa nayo yeye peke yake.

*Programu.* Sakinisha zile unazozitumia kweli, kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe. Kingavirusi iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa nyumba nyingi, mradi isizimwe.

*Kurudisha mafaili.* Sasa rudisha, folda moja baada ya nyingine. Rudisha fonti kabla ya tasnifu. Fungua sura tatu, jedwali moja la hesabu, nyimbo mbili na picha kumi. Kama kila kitu kinafunguka, bado usifute ya zamani. Iache mwezi mzima. Katika mwezi huo ndipo utakapokumbuka kitu ulichosahau.

*Nakala za kila wiki.* Chagua siku na saa isiyosahaulika, kwa mfano Jumapili jioni, uchomeke diski ya nje na kunakili. Kisha ichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa huangamia pamoja na kompyuta siku radi inapopiga au virusi vinapoingia.

*Umeme.* Usiunganishe moja kwa moja ukutani mahali ambapo umeme huruka. Kizuizi cha umeme au stabilaiza nzuri ni nafuu kuliko ubao mkuu.

6. Kuiaga ya zamani

Mwezi umepita na hakuna kilichosahaulika. Sasa toka kwenye akaunti zako zote ndani ya mashine ya zamani, kisha tumia huduma ya Windows ya kurudisha kompyuta upya, uchague kuondoa kila kitu *pamoja na kusafisha diski*. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi. Mtu mwenye programu ndogo tu anaweza kuyarudisha. Kama mashine haiwaki, toa diski ubaki nayo, au ivunjwe mbele yako. Kwa kompyuta iliyobeba taarifa za waamini hatua hii si ya hiari.

Baada ya hapo, mashine inayoweza kufanya kazi impe mtu. Ikiwa na SSD ndogo na Linux Mint, inamtosha mwanafunzi wa kidato au katekista anayeandaa masomo. Isiyoweza kufanya kazi ina kioo, RAM, kibodi na chaji vinavyoweza kumfaa fundi. Kilichobaki kisichomwe wala kutupwa shambani: ndani yake mna risasi na kemikali nyingine zinazoingia kwenye moshi, udongo na maji. Betri itenganishwe na ikabidhiwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Zoezi na maswali ya kujipima

1. Kompyuta ya nyumbani kwenu ikiibiwa usiku wa leo, ni mafaili gani matatu yatakayowauma zaidi? Nakala zake ziko wapi, na lini mara ya mwisho mlizifungua?
2. Ni nani mwingine, mbali na wewe, anayejua mahali palipo nywila na ufunguo wa diski?
3. Toa ripoti ya betri na usome kizazi cha prosesa. Kwa matokeo hayo, mashine yenu ni ya kutengenezwa, kubadilishiwa mfumo, au kustaafishwa?
4. Katika jumuiya au kwaya yenu, ni kumbukumbu zipi zilizomo katika kompyuta moja tu ya mtu mmoja? Kaeni naye wiki hii, mtoe nakala ya pili.

Swali la nne lisingoje kompyuta mpya. Flashi moja nzima na nusu saa vinatosha kuanza.